Jumatatu Hatuwashi Mashine

12 Januari

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta na nguvu zako, na lile goti limeacha kukusumbua. Mimi sijambo, isipokuwa mikono. Kwenye chumba cha kufulia cha hoteli hii mvuke wa pasi kubwa unachubua vidole mpaka nashindwa kufunga vifungo vyangu mwenyewe. Mengine yanakwenda.

Tulikubaliana tuandikiane kwa sababu kwenye simu mimi na wewe hatumalizi dakika tatu kabla mmoja hajamkatia mwenzake. Basi leo nasema mpaka mwisho.

Picha aliyonitumia shangazi nimeitazama mpaka macho yamechoka. Bibie wangu, mtoto wa miaka tisa, upande mmoja wa kichwa umenyolewa, upande wa pili nywele zimesimama vilevile, na kwenye mkono ana alama za vidole vya watu. Shangazi anasema Desemba wewe na wateja wako wawili mlimshika kwa nguvu kwenye kiti, ukawasha mashine ya kunyolea, akakung'ata, akapiga kelele hadi watu wakajaa mlangoni. Tangu siku hiyo haingii dukani. Anapita uani tu, na akisikia mlango wa duka unafunguliwa anajipiga kichwani. Ni kweli? Maana wewe kwenye simu uliniambia mlipata "shida kidogo". Shida kidogo, baba!

Ulijua ana usonji. Ulikuwepo daktari alipotueleza kwamba sauti ambayo kwetu ni kelele tu, kwake ni maumivu, na kwamba kushikwa ghafla kwake ni kama kuunguzwa. Ulitikisa kichwa ukasema umeelewa.

Shangazi amepata shule ya bweni ya watoto wenye hali kama yake, mji mwingine, mwendo wa siku nzima. Wamenishikia nafasi mpaka Julai. Mwezi huo nina likizo ya wiki tatu, nitakuja nimpeleke mwenyewe. Usinielewe vibaya. Umemtunza mwaka mzima na zaidi, na nakushukuru kwa kila siku. Lakini mtoto wangu hawezi kuishi kwenye nyumba anayoiogopa.

Ni mimi,
Binti yako


2 Februari

Mwanangu,

Marahaba, marahaba. Goti lipo palepale na linajua mvua inakuja kabla ya redio. Pole ya vidole. Vipake mafuta, hata kama ni ya kupikia, usione haya.

Ni kweli. Yote aliyosema shangazi yako ni kweli, ingawa angeniacha niseme mwenyewe. Lakini dada yangu yule mdomo wake haujawahi kuwa na kitasa. Nilimshika. Nywele zilikuwa zimesokotana, chanuo hataki hata kuliona, na mimi nikaona aibu: mjukuu wa kinyozi atembee vile! Nina miaka arobaini na moja kwenye kazi hii. Nimenyoa mabwana harusi, nimenyoa mahakimu, nimenyoa watoto wanaolia mpaka wakasinzia kitini. Nikajiambia, huyu ndiye atanishinda? Alinishinda. Alama ya meno yake iko hapa kiganjani na nimeistahili.

Sasa sikia. Wiki mbili zilizopita aliingia dukani mama mmoja mtu mzima, nesi mstaafu, miwani imefungwa kwa uzi. Akaomba kubandika tangazo kando ya kioo. Ni kikundi cha kujitolea cha familia zenye watoto wenye usonji, wanakutana kila Jumamosi kwenye ukumbi nyuma ya duka la rangi. Wakati anabandika, Bibie akaanza kulia huko uani. Yule mama akatega sikio, akasema, "Basi nitakuona Jumamosi saa nne," akaondoka. Hakuniuliza swali hata moja. Nikamchukia palepale.

Nilikwenda, na Bibie. Nilidhani nitawakuta watu wamekaa duara wanafutana machozi. Wapi! Fundi mwashi alikuwa anafunga bembea. Mwalimu alikuwa chini ya meza na watoto watatu, kwa sababu siku hiyo watoto hao walitaka kuishi chini ya meza. Yupo na mama anayejaza mafuta kwenye kituo cha petroli, alikuja na sare yake, watu wote wanamwita Mama Mafuta na mwenyewe anaitika. Hakuna anayelipwa pale. Wala hakuna anayepiga makofi, maana makofi yanawaumiza watoto. Mtoto akifanya jambo la kusifiwa, watu wanainua mikono juu na kuzungusha viganja, kimya. Mara ya kwanza nilidhani wanafukuza nzi.

Basi Bibie akakaa mlangoni akapanga viatu vyote tulivyovivua, kuanzia kikubwa hadi kidogo. Jozi thelathini na moja, hakukosea hata moja. Nesi akaona, akainua mikono. Ukumbi mzima ukainua mikono. Kwa ajili ya mjukuu wangu! Mwanangu, nilitoka nje nikajifanya naangalia baiskeli ya mtu.

Nakuomba unipe muda mpaka hiyo Julai yako. Nikishindwa kumnyoa Bibie bila chozi, mchukue, sitafungua mdomo. Na unajua kwangu mimi kutofungua mdomo ni kazi ya kubeba mawe.

Baba yako


19 Februari

Baba,

Shikamoo. Nafurahi mko wazima. Mafuta yamesaidia, ila sasa nanuka jikoni na wenzangu hawataki kukaa nami kwenye benchi. Hapo kwenye nzi nilicheka mpaka msimamizi akaja kuuliza kuna nini.

Sawa, mpaka Julai. Lakini nakujua, mzee wangu. Wewe kazi ukiianza huiachi. Uliwahi kupaka rangi geti ukiwa na homa, mama akikusihi uingie ndani, ukapaka mpaka bawaba ya mwisho kisha ukaanguka. Mimi nilikuwa mdogo lakini nakumbuka. Bibie si geti. Akikataa utafanyaje? Hilo ndilo ninaloliogopa, wala si mkasi wako.

Nafasi ya shule siiachi. Si kwamba sikuamini. Aa, kwa nini nidanganye: sikuamini. Labda baadaye.

Mbusu kwa njia anayoitaka yeye, paji la uso kwa paji la uso, asogee yeye kwanza.

Binti yako


28 Machi

Mwanangu mwenye ulimi mkali,

Marahaba. Sote wazima huku, na mimi natembea kifua mbele mpaka watu wananipisha barabarani. Kaa chini nikupe habari.

Pale ukumbini kila mzazi ana kilio kimoja: nywele. Kuna anayemnyoa mwanawe akiwa usingizini, kipande leo, kipande kesho. Kuna aliyefukuzwa na vinyozi watatu. Wakanigeukia wote, nami nikaangalia viatu vyangu, maana wanajua niliyomfanyia Bibie. Nilikuwa nimewaambia mwenyewe. Nesi akauliza, "Jumatatu vinyozi mnafanya nini?" Nikasema Jumatatu tunafunga, tunapumzika. Akasema, "Basi utapumzika Jumanne."

Kwa hiyo Jumatatu duka langu ni la watoto wetu. Siwashi mashine. Siwashi redio. Vioo nimevifunika kwa mashuka, maana wapo wanaotishwa na sura zao. Poda na mafuta ya manukato nimeyafungia kabatini. Kila mtoto ana ukurasa wake nyuma ya mlango, ameuandika mzazi: anapenda nini, kinamuumiza nini, na akichoka anasemaje. Nasoma ukurasa kabla sijagusa hata chanuo. Na kanuni kubwa ya Nesi ni hii: mtoto akisema imetosha, kwa mdomo, kwa mkono au kwa kugeuza shingo tu, kinyozi anaacha. Saa hiyohiyo. Hata kama limebaki fundo moja.

Jumatatu ya kwanza alikuja binti wa Mama Mafuta, ana miaka saba. Ukurasa wake unasema anapenda vitu vya mviringo na vinavyozunguka. Akazunguka kwenye kiti changu mara ishirini, akashuka, akaenda zake. Nikamwambia Nesi, "Kazi gani hii? Sijakata hata unywele!" Akanijibu bila kuniangalia, "Umemfundisha kwamba kiti chako hakiumi. Wiki ijayo umfundishe jingine." Yule mama, nakwambia, angekuwa jeshini tungekuwa na adabu sote.

Nikapiga moyo konde. Wiki ya pili mtoto anashika mkasi uliofungwa. Ya tatu anausikia ukikata karatasi. Ya nne anakata mwenyewe nywele za mdoli. Wiki ya tano mtoto wa mwalimu, miaka kumi na miwili na hajawahi kunyolewa akiwa macho, alichukua mkasi akajikata shungi moja, akaniwekea kiganjani kama ananilipa, kisha akainamisha kichwa. Nilimnyoa saa moja na nusu. Hakuna aliyekohoa. Nilipomaliza, mikono ilikuwa juu mpaka barabarani. Mwalimu hakuweza hata kuinua yake, alikuwa amejifunika uso nayo. Sasa wananiita Profesa na sikatai.

Bibie bado. Kila Jumatatu anakuja mpaka mlangoni, anaweka mguu mmoja ndani, anashika mwimo wa mlango, anaangalia, anarudi uani. Nesi ananikataza kumwita. Mimi! Nisimwite mjukuu wangu aingie dukani kwangu! Nimeuma ulimi mpaka una vidonda. Lakini ule mguu mmoja, mwanangu, usiudharau.

Baba yako


6 Mei

Baba,

Shikamoo. Wewe mzima? Nauliza kwa sababu mwezi mzima umepita bila hata mstari, na habari zenu nazipata kwa shangazi.

Anasema kuna mtoto alipotea kutoka dukani kwako. Anasema alitoka mbio mpaka barabara kuu, mji mzima ukamtafuta, na wewe ulikuwa umemshika. Sitaki kuamini. Lakini hata Desemba sikutaka kuamini.

Niambie ukweli wote, hata ule usiokupendeza. Kama ni kweli ulimshika, sitangoja Julai. Nitaomba ruhusa ya dharura nije nimchukue Bibie.

Binti yako


16 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Kimya changu kilikuwa cha aibu, si cha ugonjwa. Nimeandika barua hii mara tatu na kuichana.

Sikumshika. Ilikuwa hivi. Binti wa Mama Mafuta alikuwa ameshaizoea sauti ya mkasi, na siku hiyo alikaa kitini mwenyewe, ametulia, anacheka na magurudumu ya kiti. Nikafurahi. Nikafurahi kupita kiasi, hapo ndipo nilipoharibu. Nikachukua kile kitambaa cha kumfunika mteja nikakikung'uta. Unakumbuka ninavyokikung'uta: mkono mmoja, hewani, paa! Watu walikuwa wanakuja dukani kusikia tu mlio ule. Miaka arobaini na moja mkono umezoea, haukuniuliza. Mlio ukapasua duka. Nilipogeuka, kiti kilikuwa kinazunguka peke yake na mlango uko wazi.

Mama Mafuta alikuwa kazini, alimwacha mikononi mwangu. Nikatoka nje nataka kupiga kelele kumwita, Nesi akaniziba mdomo kwa kiganja. Ukimwita kwa kelele, alininong'oneza, anajificha zaidi. Akatuma ujumbe kwa wazazi wote, na dakika kumi hazikuisha watu walikuwa wanateremka kutoka kila upande, fundi mwashi na saruji mikononi, mwalimu ameacha darasa kwa mwenzake. Watu arobaini wanatafuta mtoto na hakuna anayeita. Wapita njia walidhani kuna msiba. Nesi alisimama juu ya ndoo akasoma ule ukurasa wa nyuma ya mlango: vitu vya mviringo, vinavyozunguka. Basi hatukutafuta vichochoroni. Tukagawana: wewe nenda kwa fundi baiskeli, wewe kwenye mashine ya nafaka, wewe kwenye visima vya pampu. Baada ya saa mbili fundi mwashi alimkuta kwa waziba pancha, nyuma kabisa, amekaa ndani ya tairi la lori anapanga nati. Hakuwa na hata mkwaruzo.

Mama Mafuta alifika mbio. Nikamwambia kila kitu, nikamwambia nafunga, sitagusa tena mtoto wa mtu. Akamchukua mwanawe akaondoka. Wiki nzima sikula vizuri. Jumatatu nikakaa dukani peke yangu, nimekata kile kitambaa vipande vipande kwa mkasi, vimelala miguuni. Saa tatu mlango ukafunguliwa. Mama Mafuta, na mwanawe, na shati lake kuukuu la kazini mkononi, na Nesi nyuma yao. Akasema, "Mvalishe hili, vifungo viwe mgongoni. Nywele hazitamwingia." Tu. Hakusema amenisamehe. Akakaa kwenye benchi akafungua gazeti.

Sasa ngoja. Hapa sitii chumvi, Nesi ni shahidi. Bibie alikuwa mlangoni na mguu wake mmoja. Akaviangalia vile vipande vya kitambaa sakafuni, muda mrefu. Kisha akaweka mguu wa pili ndani. Akaingia, akavikusanya vyote, akaenda kuvitupa kwenye pipa la uani, akarudi, akakaa kitini.

Ni kile kitambaa, mwanangu. Miezi yote ile nilidhani ni mashine, nikadhani ni mkasi, nikadhani ni mimi. Ni mlio niliokuwa najivunia! Desemba, kabla hatujamshika, nilikikung'uta usoni pake kwa mbwembwe zote. Mtoto amekuwa akinieleza kila Jumatatu kwa mguu mmoja, na mimi Profesa sikusikia.

Sikumnyoa siku hiyo. Alikaa tu. Nami nikakaa karibu yake.

Baba yako


1 Juni

Baba,

Shikamoo. Nimesoma barua yako nimesimama, kwenye ngazi za nyuma ya chumba cha kufulia, halafu nikairudia nimekaa. Asante kwa kuniambia mwenyewe. Shangazi nimemwandikia kwamba hukumshika yule mtoto, na nimemwomba arekebishe kwa wote aliowapelekea habari.

Nakuja tarehe sita Julai. Nafasi ya shule bado ipo na tiketi ya kumpeleka nimeshakata. Sitaki kukuahidi kitu. Uliniambia nywele bila chozi; nitakuja nione.

Usimkimbize kwa ajili yangu.

Binti yako


5 Agosti

Baba yangu,

Shikamoo, na tena shikamoo. Nimefika salama, vidole vimerudi kwenye mvuke, na wenzangu wananiambia nimenenepa. Kaa kwanza. Kuna mambo sikuweza kukuambia nikiwa pale.

Ile Jumatatu. Nilikaa kwenye benchi, tiketi iko mkobani, nimejisemea sitaingilia. Bibie akavaa shati lako kuukuu kinyumenyume, akapanda kitini, akakupa chanuo mwenyewe. Ukaanza mbele. Ukahamia kushoto. Unakata polepole kiasi kwamba nilisikia saa ya ukutani. Mtoto ametulia, macho makavu. Nikajua umeshinda, na nilikuona na wewe umejua, maana masharubu yalishaanza kupanda. Ukafika nusu ya kichwa. Bibie akasema, "Basi."

Neno moja, kubwa, wazi. Mtoto ambaye maneno yake ya wiki nzima yanaenea kwenye vidole.

Mkasi wako ulikuwa wazi hewani na shungi liko katikati ya makali. Baba, nilikutazama wewe, sikumtazama yeye. Mzee wa geti na homa. Ungefunga vidole tu, hakuna ambaye angejua. Ukautoa mkasi bila kukata, ukauweka kwenye droo, ukasukuma droo, ukanigeukia ukasema, "Sijamaliza. Nilikuahidi na nimeshindwa." Jasho linakutoka. Na watu wote wakainua mikono, na sikujua wanamwinulia nani kati yenu wawili.

Hujashindwa. Ningekuambia palepale lakini nilikuwa nalia kama mtoto. Nilikuwa nimeogopa jambo moja tu, kwamba akikataa hutamsikiliza. Kakataa mbele ya watu, nusu kichwa, siku ambayo ulikuwa na kila sababu ya kuendelea, na ukamsikiliza. Katika maisha yangu sijawahi kujivunia mtu kama nilivyojivunia wewe na yeye siku ile.

Kisha ulipokwenda kuosha uso, akaingia mama mgeni na mtoto mgongoni, kijana tu, ana hofu. Nesi hakwenda kumpokea. Akanisukuma mimi. Anasema mama mgeni hupokewa na mama. Nikamkalisha, sijui niseme nini. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Wako ni yupi?" Nikanyoosha mkono. "Yule pale, mwenye nusu kichwa. Yule ni wangu." Akacheka, nami nikacheka.

Baba, ilikuwa mara yangu ya kwanza kusema hivyo mbele ya mtu nisiyemjua. Nataka ujue ukweli wote, kama nilivyoutaka kwako. Siku ya kwanza kazini hapa nilijaza fomu. Penye "watoto" niliandika: hakuna. Hakuna aliyenilazimisha. Nilikuwa nimechoka kueleza, nimechoka kuonewa huruma. Hawa wanawake ninaokunja nao mashuka wamekuwa wakiniambia nina bahati, sina wa kumwaza. Nami nikawaacha waseme. Na ile shule nilikuambia ni kwa sababu ya hofu ya Bibie. Ilikuwa hivyo. Lakini ilikuwa pia ili niendelee kuwa mtu asiye na mtoto. Ndiyo hiyo. Nimeiandika na mkono haujakatika.

Jana nimekwenda ofisini nikaomba fomu nyingine. Karani akaniuliza, "Umejifungua?" Nikasema ndiyo, miaka tisa iliyopita. Akadhani nina homa. Nikaandika jina lake lote, umri wake, na penye mstari wa maelezo nikaandika ana usonji, anapanga viatu bila kukosea, anaishi na babu yake. Mstari haukutosha, nikaendelea pembeni.

Shule nimewaandikia, nafasi wampe mwingine. Mkataba wangu unaisha Desemba na sitaongeza. Kama wewe na Nesi mna kazi kwa mtu anayejua kukunja mashuka ya kufunikia vioo, nitunzieni.

Binti yako, mama yake Bibie


25 Agosti

Mwanangu,

Marahaba mara mia. Huku hatujambo. Upande wa pili wa kichwa tumeumaliza Jumatatu iliyopita, kwa ruhusa yake, dakika kumi na nne.

Barua yako nimewasomea ukumbini Jumamosi, maana nisingeweza kukaa nayo peke yangu ningepasuka. Pale pa mkasi na droo nilisoma mara mbili, waliomba wenyewe, sikuwalazimisha sana. Pale pa fomu nilipitiliza. Hapo ni petu.

Nikueleze. Nilikasirika. Siku mbili nilikuwa nakuandikia kichwani barua ya moto: mwanangu mimi, niliyemlea, kumkana mtoto wake kwenye karatasi! Kisha nikakumbuka kitu ambacho hukijui, na hasira ikaniishia miguuni. Mwezi ule ulipoondoka, Bibie alikuwa analia uani kutwa, na wateja wananiuliza, mzee, nani huyo analia hivyo? Nikawaambia ni mtoto wa jirani. Nilisema mara ya kwanza, ikawa rahisi ya pili. Mwaka mzima, mwanangu. Mjukuu wangu yuko hatua sita nyuma ya kiti changu, nami nawaambia watu ni wa jirani. Basi wewe uliandika na mimi nilisema, usiniombe msamaha kwa jambo ambalo nimelifanya zaidi yako.

Jumanne alikuja fundi saa, mteja wangu wa miaka yote, ndiye niliyemdanganya wa kwanza. Nimempaka sabuni nusu ya uso, nikasimama. Nikamwambia, "Bwana, yule mtoto wa jirani. Sina jirani mwenye mtoto. Ni mjukuu wangu." Hata hakufumbua macho. Akasema, "Tunajua, mzee. Ana masikio yako. Tulikuwa tunangoja utuambie mwenyewe."

Nikauweka wembe chini. Nikafungua mlango wa uani nikamwita Bibie. Alikuja. Hakumsalimia mtu, akasimama tu pembeni yangu, bega lake kwenye mkono wangu, anaangalia sabuni. Nami nikasema kwa sauti ya kusikika na waliokuwa kwenye benchi, na walikuwa wanne: "Huyu ni mjukuu wangu." Halafu nikamaliza kumnyoa fundi saa.

Desemba usichelewe.

Babu yake Bibie